Santuri za jazi Kanda ya Ziwa: sindano kwanza, santuri baadaye

Anayeanza kukusanya santuri kwa kawaida hukimbilia kununua santuri. Mimi nakushauri ugeuze mpangilio: pesa ya kwanza iende kwenye sindano, ya pili kwenye mashine inayoibeba, na santuri zije mwisho. Zimeshakaa kabatini kwa watu miaka 50 au 60 hapa Mwanza, Musoma na Bukoba, na miezi michache zaidi haitazidhuru. Lakini ukibahatika kupata moja nzuri leo, kisha jioni ukaipiga kwa sindano isiyo yake, unaweza kuiharibu kwa kuipiga mara moja tu, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Ninaposema jazi nina maana ya makabati mawili. La kwanza ni jazi ya Marekani, kuanzia santuri nzito za miaka ya 1920 hadi za plastiki za miaka ya 1960. La pili ni bendi zetu wenyewe zilizojiita Jazz, tangu Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932 hadi Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Shirati Jazz. Wapo wakusanyaji watakaokuambia hizo za pili si jazi. Waache na usafi wao. Ukifungua sanduku la mzee yeyote wa kanda hii utakuta zote zimelala pamoja, na mashine inayozipiga ni ileile.

Jua umeshika nini

Santuri ya shelaki ni nzito, ngumu, na ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji inakuwa vipande. Shelaki yenyewe ni utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti, hasa India na Thailand. Viwandani uliyeyushwa na kuchanganywa na unga wa mawe na masizi ya kuipa weusi. Ule unga wa mawe uliwekwa kwa makusudi: sindano ya chuma ya wakati ule ilisagwa na santuri yenyewe katika mizunguko ya mwanzo hadi ikakaa sawasawa ndani ya mfuo, yaani ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye santuri. Ndiyo sababu sindano ya chuma hutumika kwa upande mmoja tu, kisha inatupwa.

Nyingi huzunguka mara 78 kwa dakika. Yenye upana wa inchi 10 inabeba kama dakika tatu kila upande, na ya inchi 12 inabeba nne na ushee hivi. Namba ya 78 nayo isikufunge sana: za zamani kabisa, kabla ya miaka ya 1930, zilirekodiwa kwa kasi mbalimbali, nyingine chini ya 75, nyingine 80. Sauti ikiwa nyembamba kupita kiasi, punguza kasi kidogo usikie.

Santuri ya plastiki, yaani vinaili, ilikuja mwaka 1948 pale Columbia ya Marekani ilipotoa santuri ndefu, yaani LP, za mizunguko 33⅓. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa zile ndogo za 45, ambazo ndizo zilizoujaza ukanda wetu miaka ya 1960 na 1970. Usikadirie aina kwa mwaka peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwapelekea askari wake santuri za 78 zilizotengenezwa kwa vinaili, na upande wa pili India iliendelea kutoa za shelaki ndani ya miaka ya 1960, wakati Ulaya ilikuwa imeshaziacha. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuishika santuri kwa kidole tundu la katikati na kuigonga taratibu ukingoni kwa ukucha: shelaki inalia kwa sauti kavu ya juu, vinaili inajibu kwa sauti butu. Usiikunje kujaribu. Shelaki haikunjiki, inavunjika.

Tofauti inayohusu mfuko wako zaidi iko kwenye mfuo. Mfuo wa 78 ni mpana, unahitaji ncha yenye nusu kipenyo cha maikroni 75 hivi. Wa LP unataka maikroni 18 hadi 25. Sindano ya LP ukiiweka kwenye 78 inazama hadi chini kabisa, inaburuza vumbi lililolala humo, na unachosikia ni mvua ya changarawe na muziki kwa mbali. Sindano ya 78 ukiiweka kwenye LP haiingii. Inapanda juu ya mfuo na kuusaga ukingo. Watu wengi wanaosema "santuri za zamani zina kelele" hawajawahi kuzisikia kwa sindano yake.

Mashine

Njia ya kwanza ni rediogramu, lile kabati lenye redio, spika na pleya ndani yake, lililokuwa fahari ya sebule za watumishi wa reli, wa meli na walimu. Nyingi zina pleya ya Garrard au BSR yenye kasi nne: 16, 33, 45 na 78. Angalia mbele ya kichwa cha mkono: pana kijiti kidogo cha kugeuza, upande mmoja kimeandikwa 78, upande mwingine LP. Hizo ni sindano mbili mgongo kwa mgongo, na wahandisi wa zamani walikuwa wameshalimaliza hilo tatizo. Kinachochakaa ni vitu vitatu. Sindano zenyewe zimeisha. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani limekauka na kuwa gumu, ndiyo maana kuna ngurumo chini ya muziki. Na grisi imeganda hadi mashine haibadili kasi. Fundi redio mzuri anaweza kuisafisha na kuipaka mafuta upya, na mpira ukipigwa msasa laini mara nyingi unapata maisha mengine. Mkataze asifungue mota kabla hajasafisha grisi. Nusu ya mota "zilizoungua" hazijaungua.

Njia ya pili ni pleya mpya au mtumba wa kisasa. Hakikisha ina 78, kwa sababu nyingi hazina. Audio-Technica AT-LP120XUSB inayo, na Technics SL-1200MK7 pia. SL-1200 nyingi za zamani zinaishia 45. Kwa kichwa, tafuta kinachokubali kubadilishwa sindano bila kufungua skrubu. Familia ya AT-VM95 ya Audio-Technica inafanya hivyo: kichwa kimoja, sindano moja ya LP, na nyingine iitwayo SP kwa ajili ya 78. Unachomoa moja, unachomeka nyingine, unarekebisha uzito. LP nyingi zinataka gramu 1.5 hadi 2.5, sindano ya 78 inataka zaidi, na namba kamili imeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ifuate. Wanaopunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri wanaiumiza, maana sindano nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfuo.

Viji-pleya vya sanduku vinavyobebwa kama begi vinapendeza kwa macho. Vimeandikwa vinapiga 78, na kweli vinazunguka 78, ila sindano iliyomo ni ya LP. Kwa mtu wa jazi ya shelaki, hiyo si pleya.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Umeme wetu ni volti 230 na masafa ya hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Jamaa akikuletea pleya ya zamani kutoka huko, utanunua transfoma ya kushusha volti, itawaka vizuri, na muziki utatoka umelegea. Transfoma hushusha volti lakini haigusi masafa, na mota za zamani hupata kasi yake kutokana na masafa. Kwa hezi 50, LP ya 33⅓ inazunguka chini ya 28, na 78 inakuwa 65. Dawa ni kubadilisha bushi ya mota iwe ya hezi 50, au kuiacha hiyo pleya ukanunua ya Uingereza au Ujerumani. Za kisasa zenye mota ya DC au zinazozungushwa moja kwa moja na mota ya kielektroniki hazina shida hiyo.

Kasi unaipima kwa karatasi ya vistari iliyochapwa, inayowekwa juu ya sahani. Chapisha ya hezi 50: duara la 33⅓ lina vistari 180, la 78 lina vistari 77. Washa taa ya tyubu au balbu ya zamani, si tochi ya simu. Vistari vikisimama, kasi ni sahihi. Vikielea kwenda mbele, mashine inakimbia.

Mengine ni ya haraka. Waya mwembamba wa ardhi wa pleya uufunge kwenye skrubu ya ardhi ya amplifaya, la sivyo utasikia mlio wa nyuki. Kama amplifaya haina tundu lililoandikwa fono, nunua priamp ya fono, maana sauti ya sindano ya sumaku ni ndogo sana na pia inahitaji kurekebishwa besi na treble. Stabilaiza ni lazima kwa mtaa ambao umeme unapanda na kushuka. Na unapopiga 78 kwenye amplifaya ya stereo, bonyeza kitufe cha mono. Santuri hizo zina sauti moja tu, iliyochorwa kwa ubavu, na mono inafuta kelele nyingi zinazotoka chini ya mfuo. Kama sauti bado imefifia, ongeza treble: mpangilio wa fono wa leo ulikubaliwa mwaka 1954, na santuri za kabla yake zilirekodiwa kwa mipangilio mingine.

Gramafoni ya hendeli nayo nakuruhusu kuwa nayo, hasa kwa usiku umeme ukikatika. Ila mkono wake una uzito zaidi ya gramu 100. Piga humo shelaki za kawaida ulizonazo mbili mbili, badilisha sindano kila upande, na usiweke humo vinaili hata kwa utani.

Pa kutafutia

Masoko ya mitumba kama Mlango Mmoja na vichochoro vya Makoroboi vipite, lakini usitegemee sana. Santuri hapa hazitembei sokoni. Zimekaa nyumbani kwa watu. Njia inayozaa ni mafundi redio wa zamani, kwa kuwa wao wanajua ni nyumba ipi ililetewa rediogramu mwaka gani na ipi bado inayo. Njia nyingine ni wastaafu wa reli na wa meli za ziwani. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miongo mingi vitu vya Dar es Salaam na Tabora vilipanda huku kwa treni, na vya Kisumu vikaja kwa meli. Ndiyo sababu sanduku la Mwanza huwa na mchanganyiko usioupata Pwani: twisti za Tabora, benga la Wajaluo, rumba ya Kongo, na katikati yake Fats Waller mmoja, mpiga piano wa Marekani, aliyepotea njia.

Kwa mzee usiingie na bei. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibu kiti." Kaa. Uliza habari za muziki wa wakati wake, bendi alizocheza, ukumbi aliopenda. Mara nyingi utagundua kwamba hana mashine tangu miaka ya 1980 na anachotaka si hela, ni kuusikia tena wimbo fulani. Muahidi kumrekodia kwenye flashi na utimize kabla hujarudi kuongelea kununua. Huko Ukerewe na Sengerema adabu hii imefungua masanduku mengi kuliko noti.

Kwa Kenya, Kisumu ni nzuri kwa benga, na Nairobi kuna vibanda vya santuri pale Kenyatta Market. Za kutoka Ulaya zinakuja kwa posta. Mwambie muuzaji atoe LP kwenye jalada lake ili isilichane ukingoni njiani, na kila 78 iwe katikati ya karatasi mbili ngumu za boksi, kisha boksi ndani ya boksi. Ukizibeba mwenyewe kwenye basi, zipakate. Buti ya basi kutoka Sirari ina joto na magunia ya samaki.

Kusoma lebo

Upande wa Marekani, santuri nyingi za shelaki utakazokutana nazo hapa zilichapwa Uingereza au India: HMV yenye mbwa wake, Columbia, Parlophone, Brunswick, Decca. Parlophone ya Uingereza ilikuwa na mfululizo uitwao Rhythm-Style Series uliotoa rekodi za OKeh ya Marekani, na humo ndimo mpiga tarumbeta Louis Armstrong wa miaka ya 1920 alimopitia kuja dunia ya Waingereza. Neno Fox Trot chini ya jina la wimbo lisikufukuze. Makampuni yaliliandika kwenye karibu kila kitu cha kuchezeka, Duke Ellington akiwemo.

Geuza santuri kwenye mwanga uangalie eneo laini kati ya mwisho wa mfuo na lebo. Kuna namba zimekwaruzwa au kugongwa pale. Kwenye HMV, pembetatu ndogo baada ya namba inakuambia kwamba ilirekodiwa kwa maikrofoni kwa mtambo wa Western Electric; kwenye Columbia ni herufi W ndani ya duara. Mtambo huo ulianza mwaka 1925. Kabla ya hapo wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa, na sauti peke yake ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchonga. King Oliver na bendi yake, Armstrong akiwa humo kijana, walirekodi hivyo kwa kampuni ya Gennett mwaka 1923. Kwenye LP za kampuni ya Blue Note za miaka ya 1950 na 1960, eneo hilohilo linaweza kuwa na herufi RVG au jina VAN GELDER. Huyo ni Rudy Van Gelder, mhandisi aliyerekodi, na alama hiyo maana yake ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechonga nakala mama. Ukiikuta kwa bei ya mtumba, lipa ukae kimya.

Upande wetu mambo yana historia yake. Tanzania haikuwa na kiwanda kikubwa cha kuchapa santuri; bendi zilikwenda Kenya, au rekodi zao zilipelekwa huko. Lebo ya Mzuri ya Mombasa ilitoa santuri za Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, na Nairobi kulikuwa na Jambo, Equator, Philips na Polydor. Wakati huohuo Redio Tanzania ilikuwa ikirekodi bendi kwenye kanda kwa ajili ya kurusha hewani, na nyimbo nyingi sana za miaka ile zimebaki kwenye kanda hizo bila kuwahi kuwa santuri. Kwa hiyo usihangaike kutafuta santuri ya kila wimbo unaoukumbuka redioni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na njia ya Nairobi ikawa ngumu. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji aliyeongoza Morogoro Jazz, alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari akiwa Kenya, na baadaye zikatoka LP za mfululizo wa Ukumbusho zilizokusanya nyimbo zake. Kwa anayeanza kabati la pili hizo ndizo mlango mzuri, kwa kuwa ni vinaili, zimebaki nyingi kuliko zile ndogo, na zinapigika.

Kwa mtu wa ziwani, mmoja asikose: D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, mkoa wa Mara, ambaye alivuka Kenya na jina la kwao akalipachika kwenye bendi. Santuri za Shirati Jazz za 45 bado zinapatikana pande zote mbili za mpaka.

Kukagua kabla ya kulipa

Toka nayo nje, asubuhi au jioni jua likiwa chini. Ishike kwa viganja ukingoni, uilaze mbele ya jicho mpaka mwanga uteleze juu yake. Shelaki isiyochoka ni nyeusi yenye kung'aa mpaka ndani ya mifuo. Iliyosagwa na sindano za chuma inakuwa na rangi ya kijivu, hasa sehemu ambazo tarumbeta linapaa, kwa sababu huko ndiko mfuo unakoyumba zaidi na sindano inakopigana na kuta. Kijivu hicho hakioshwi. Mikwaruzo ipitishe ukucha: usiohisiwa na ukucha mara nyingi hausikiki sana, unaohisiwa utagonga kila mzunguko.

Ufa ni jambo jingine. Shikilia santuri ya shelaki kwa kidole tundu la katikati, igonge kwa kifundo. Nzima inalia. Yenye ufa inatoa sauti iliyokufa, hata kama jicho halioni kitu. Ufa mfupi ukingoni unavumilika, utasikia tiki kidogo zaidi ya mara moja kwa sekunde hadi sindano iupite. Unaofika kwenye lebo uache, isipokuwa kama huipati kwingine.

Kwenye LP angalia pia kuzunguka tundu: mistari mingi myeupe kwenye lebo ni ya mtu aliyekuwa akiiweka gizani, au amelewa, au yote mawili. Hiyo ilipigwa sana. Kisha iweke mezani uone kama imepinda. Kupinda kidogo ukingoni sindano inakupanda na kushuka; kupinda kwa pembe kali kunairusha. Habari za kuinyoosha juani katikati ya vioo viwili zipo, na wapo waliofaulu, ila mimi siwezi kukushauri jua la Mwanza la saa saba kwa kitu chochote cha plastiki.

Kuosha

Kosa moja linaua shelaki papo hapo: spiriti. Inayeyusha utomvu na kuacha mfuo umefubaa. Kwa hiyo pombe ya aina yoyote, sanitaiza ikiwemo, iwe mbali.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri, na ndiyo hayo, ila soma chupa: lazima yawe maji, si asidi ya betri, na chupa hizo hufanana. Maji ya bomba na ya ziwani huacha chumvi na tope ndani ya mfuo. Changanya lita moja na tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na losheni. Weka santuri juu ya taulo, funika lebo kwa mfuniko wa plastiki, chovya brashi laini, zungusha kufuata mfuo, kamwe si kuukata. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Shelaki usiiloweke, ioshe upesi na kuikausha upesi kwa kitambaa laini, kwani maji yakipenya kwenye ufa au chini ya lebo yanaanza kazi yake. Isimamishe kivulini hadi ikauke, na usiirudishe kwenye mfuko wake wa zamani wenye vumbi la miaka 50. Mfuko mpya wa karatasi nyeupe unaukata mwenyewe.

Kuhifadhi kando ya ziwa

Tuna maadui wanne hapa: bati, unyevu, vumbi na wadudu. Nyumba ya bati bila dari inapika santuri kuanzia saa sita mchana. Ziweke ukuta usiopigwa na jua la jioni na karibu na sakafu, ila zisiguse sakafu. Masika huleta ukungu, unaoonekana kama madoa meupe yenye mizizi midogo, na dawa yake ni hewa. Usizifunge kwenye mifuko ya nailoni iliyobana. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ni vumbi. Mende wanakula gundi ya majalada, mchwa wanakula kila kitu, kwa hiyo rafu ya chuma ni bora kuliko ya mbao, na tofali chini ya miguu yake.

Zisimame wima, zimebanana kiasi cha kutolala upande. Shelaki zikilazwa lundo, ya chini inabeba uzito wote na inapasuka yenyewe usiku bila mtu kuigusa. Boksi la santuri 30 ni zito. Jenga rafu kwa uzito wa vitabu mara mbili.

Kusikiliza

Baada ya kazi hiyo yote, watu huweka santuri na kwenda jikoni. Shelaki ina dakika tatu tu. Kaa.

Chukua "West End Blues", ambayo Louis Armstrong na Hot Five yake waliirekodi Chicago tarehe 28 Juni 1928. Imetolewa upya mara nyingi, utaipata hata kwenye LP ya mkusanyiko. Inaanza na tarumbeta peke yake, bila ngoma, bila piano, kwa sekunde kama 12. Hapo bado hakuna mdundo wa kuhesabu. Bendi ikiingia, anza kuhesabu vipimo, kila kimoja mapigo manne. Vikifika 12, duru moja imekwisha na nyingine inaanza kwa mtu mwingine. Duru ya kwanza ni ya tarumbeta. Ya pili ni tromboni. Ya tatu klarineti inaimba chini na Armstrong anaijibu kwa sauti yake mwenyewe, bila maneno. Ya nne ni Earl Hines kwenye piano, na hapo sikiliza mkono wa kulia unavyopiga kama tarumbeta. Ya tano Armstrong anarudi na kushika noti moja ya juu, anaishikilia karibu vipimo vinne, huku chini yake wenzake wakiendelea kutembea. Rudia mara ya pili ukimfuata Hines tu tangu mwanzo. Mara ya tatu fuata pigo dogo la ngoma chini ya tromboni.

Mfumo huohuo wa kuhesabu duru unafanya kazi kwa karibu jazi yote. Nyimbo nyingine zina duru ya vipimo 32, nane mara nne, ambapo ile nane ya tatu inakwenda mahali pengine kisha kurudi nyumbani. Coleman Hawkins alipopiga "Body and Soul" Oktoba 1939, aligusa wimbo wenyewe mwanzoni tu, kisha akaacha saksafoni itembee kwa duru mbili juu ya kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja chini ya wimbo. Asiyehesabu anapotea humo. Anayehesabu anajua kila wakati yuko wapi.

Kwa LP, "Kind of Blue" ya Miles Davis ya mwaka 1959 ndiyo wengi wanaanza nayo, na sina ugomvi nao. Lakini ujue kwamba kwenye machapisho ya miongo mitatu ya mwanzo, upande wa kwanza unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyopigwa, kwa kuwa mashine moja ya kanda ilikuwa ikizunguka polepole siku ya kurekodi. Matoleo ya kuanzia miaka ya 1990 yamerekebishwa. Ukipiga gitaa au kinanda juu yake na ukaona hamkubaliani, usiilaumu pleya yako uliyoipima kwa vistari 180.

Kisha geukia kabati letu. Zile 45 za bendi mara nyingi zimegawa wimbo mmoja pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ni mashairi. Ya pili ni chemko, gitaa na pembe zinapoachiwa. Muziki wa Marekani ulikutana na tatizo hilohilo: Ellington mwaka 1935 alitunga "Reminiscing in Tempo" ya dakika kama 13 na ikabidi ikatwe pande nne za 78. Ukipata 45 ya Western Jazz, zoea kugeuza haraka, mdundo ukiwa bado kichwani, na usikilize gitaa la pili linavyoshika mahali lilipoachia. Kama upande mmoja umechakaa zaidi, karibu kila mara ni ule wa chemko. Hapo ndipo watu walipocheza, na muuzaji anayekuambia santuri haijapigwa sana mwonyeshe huo.

Daftari

Kwa kila santuri andika jina la bendi, lebo, namba ya lebo, namba ya eneo laini, hali yake, na ulikoipata: "Nansio, kwa mstaafu wa meli" inatosha, jina la mtu halihitajiki. Zile za nadra rekodi kwenye kompyuta kwa faili lisilobanwa, WAV, kabla ya kufanya lolote la kusafisha kelele kwa programu. Programu hizo zikikazwa sana zinakula pembe na upatu pamoja na mikwaruzo, kwa hiyo faili ghafi libaki pembeni bila kuguswa.

Rafiki akija kuomba kuazima, mpe faili. Akisisitiza anataka santuri yenyewe, mwambie aje na sindano yake.